Je, Wajua? Jina Lililoshinda Oscar Bila Mwenyewe

Usiku wa tarehe 27 Machi 1957, katika ukumbi wa Pantages huko Hollywood, mwigizaji Deborah Kerr alimtangaza mshindi wa tuzo ya Oscar ya hadithi bora ya filamu: Robert Rich, kwa filamu iitwayo The Brave One. Makofi yakapigwa, lakini kwenye viti hakuinuka mtu. Akapanda jukwaani Jesse Lasky Mdogo, mmoja wa viongozi wa chama cha waandishi wa filamu, akaipokea sanamu kwa niaba ya mwenzake na kueleza kuwa Rich ameshindwa kufika kwa sababu mkewe anajifungua. Udhuru wa namna hiyo nani angeukataa? Lakini waandishi wa habari walipoanza kumtafuta baba mtoto wampe pongezi, hawakumpata. Chama hakikuwa na mwanachama wa jina hilo, na hapo Hollywood hakupatikana aliyewahi kuketi naye meza moja.

Robert Rich alikuwapo kweli, ila uandishi haukuwa kazi yake. Alikuwa mpwa wa ndugu wa King, watayarishaji wa filamu za bei nafuu, na wajomba zake walilichukua jina lake kwa kuwa lilikuwa karibu. Aliyeiandika hadithi ile ni Dalton Trumbo, mwandishi wa riwaya na wa miswada ya filamu aliyetoka gerezani miaka sita kabla, na ambaye studio zote kubwa zilikuwa zimekubaliana kutomwajiri.

Kisa cha Oscar isiyo na mwenyewe kimesimuliwa sana. Kinachonivutia zaidi mimi ni upande mwingine wa habari hiyo. Ili Trumbo aendelee kuandika, ilibidi kila mara apatikane mtu wa kumwazima jina, na watu hao walikuwa wengi kuliko tunavyodhani. Wengine walifanya hivyo kwa urafiki, wengine kwa biashara, na baadhi yao walilipia. Nao nimewapa nafasi yao humu.

Mikate usiku, riwaya mchana

Trumbo alizaliwa tarehe 9 Desemba 1905 katika mji wa Montrose, jimbo la Colorado, akakulia Grand Junction, mji wa wakulima wa matunda ulio magharibi mwa jimbo hilo. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari aliandikia gazeti la mji, Daily Sentinel, habari za mahakamani na za misiba. Alisoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha Colorado. Kisha baba yake, karani wa duka la viatu, akapoteza kazi, familia ikahamia Los Angeles, na haukupita muda mrefu baba akafariki. Kijana mwenye umri wa miaka ishirini hivi akabaki na mama na wadogo zake wa kike wawili.

Akaingia kiwanda cha mikate cha Davis Perfection, zamu ya usiku. Alidhani ni kazi ya kushikiza kwa miezi michache, ikamkalia karibu miaka minane. Usiku alikuwa kwenye mikate, mchana akiandika. Katika miaka hiyo alimaliza riwaya sita na hadithi fupi 88, zote zikarudishwa na wachapishaji. Huwa naitazama sana hesabu hiyo kila nisikiapo mtu akisema kipaji hujitokeza chenyewe. Hadithi 88 zilikataliwa, na asubuhi iliyofuata alikuwa mezani tena.

Je, wajua kwamba riwaya yake ya kwanza iliuudhi mji wake mwenyewe? Eclipse ilichapishwa London mwaka 1935. Mji wa hadithini unaitwa Shale City, lakini mtu yeyote wa Grand Junction aliuona ni mji wake. Mhusika mkuu ni mfanyabiashara tajiri aliyewakirimu wenzake wakati wa neema, kisha wakampa kisogo mdororo wa uchumi ulipomfilisi. Watu wa mji waliisoma wakitafutana kurasani: huyu ni fulani, yule ni jirani yake fulani. Wengi walikasirika, na hasira hiyo ilikaa miaka mingi. Leo, mtaa mkuu wa Grand Junction una sanamu ya shaba ya Trumbo akiwa ndani ya hodhi la kuogea, anaandika. Habari za hodhi hilo ziko mbele.

Riwaya iliyowakaribisha wapelelezi nyumbani

Katika riwaya nne alizochapisha uhai wake, moja ndiyo inayosomwa hadi leo: Johnny Got His Gun, iliyotoka Septemba 1939, siku zilezile Vita Kuu ya Pili ilipoanza Ulaya. Inasimulia kijana wa Kimarekani, Joe Bonham, aliyepigwa na kombora katika Vita Kuu ya Kwanza. Hana mikono wala miguu. Hana macho, masikio, wala kinywa. Kilichobaki ni akili timamu, ndani ya mwili usioweza kusema na mtu. Riwaya nzima imo kichwani mwake. Anajifunza kuhesabu siku kwa joto la jua kwenye ngozi ya shingo na kwa ujio wa wauguzi, na mwishowe anagundua kuwa anaweza kuzungumza kwa kugonga kichwa juu ya mto wa kulalia, kwa zile alama za nukta na vistari za simu ya maandishi.

Mwandishi alimpa Joe maisha aliyoyajua vyema: baba aliyefariki mapema, kuhama kutoka Colorado, na kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate Los Angeles. Chimbuko la hadithi lilikuwa habari aliyoisoma gazetini, kuhusu mtoto wa mfalme wa Uingereza aliyemtembelea askari wa Kanada aliyeharibiwa na vita kwa namna hiyo. Aliyetarajia kukuta humo hotuba dhidi ya vita atakuta zaidi mtu anayekumbuka harufu ya jikoni kwa mama yake, na ndiyo sababu kitabu kinaumiza.

Hapo pana jambo ambalo wanaomsifu Trumbo hulipita haraka, nami sitalipita. Mwaka 1940 kitabu kilichapwa kwa mfululizo katika Daily Worker, gazeti la wakomunisti wa Marekani, wakati chama chao kikipinga nchi kuingia vitani. Vita vilipobadilika na Marekani ikaingia, kitabu kikaadimika madukani, na mwandishi hakusikitika. Aliamini wakati huo vita dhidi ya Hitler lazima vipiganwe. Wakosoaji wake wanasema alifuata upepo wa chama. Naona hoja yao ina uzito, ingawa Trumbo alijiunga rasmi na chama mwaka 1943 tu, wakati Marekani na Urusi ya Kisovieti zilikuwa upande mmoja wa vita.

Alipokuwa amekubali kitabu kinyamaze, akaanza kupokea barua kutoka kwa watu waliomshangilia Hitler. Walitaka kukitumia kudai amani ya haraka na Ujerumani. Trumbo akaliarifu shirika la upelelezi la FBI. Makachero wawili wakafika nyumbani kwake, na katika mazungumzo akatambua kuwa hao waandika barua hawakuwashughulisha sana. Walikuja kumchunguza yeye.

Dakika chache mbele ya kamati

Kufikia katikati ya miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa waandishi wa filamu waliolipwa vizuri kuliko wote Marekani, dola 3,000 hivi kwa wiki anapokuwa kazini. Aliandika Thirty Seconds Over Tokyo, filamu iliyowatukuza marubani wa nchi yake. Alikuwa na shamba milimani, mke aitwaye Cleo na watoto watatu.

Oktoba 1947 akaitwa Washington na kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikisaka wakomunisti katika sinema. Alifika tarehe 28 na rundo la miswada yake, akaomba iingizwe katika kumbukumbu ili wajumbe waoneshe ni ukurasa gani wenye sumu. Naona ombi hilo ndilo lililokuwa kiini cha shauri zima, kwa kuwa kama mwandishi anashitakiwa kwa kuharibu watu kupitia filamu, ushahidi ni filamu. Mwenyekiti J. Parnell Thomas alikataa, kurasa zilikuwa nyingi mno. Akaulizwa kama ni mwanachama wa chama cha waandishi, kisha kama ni mkomunisti au amewahi kuwa. Hakutoa jibu la ndiyo wala la hapana. Mwenyekiti akagonga nyundo, akamwondoa kwenye kiti, naye akatoka akipaza sauti.

Walikuwa kumi waliokataa kujibu, na historia inawaita Kumi wa Hollywood. Wangeweza kutumia kifungu cha katiba kinachomruhusu mtu kunyamaza asijitie hatiani, na wangekwenda nyumbani. Wao wakasimama kwenye Marekebisho ya Kwanza, yanayolinda uhuru wa mawazo, wakitegemea kwamba Mahakama ya Juu ingewaunga mkono. Majira ya joto ya 1949 majaji wawili waliotegemewa, Frank Murphy na Wiley Rutledge, wakafariki wakipishana kwa wiki chache. Mahakama ikakataa kusikiliza rufaa yao. Juni 1950 Trumbo akaanza kutumikia kifungo cha mwaka mmoja kwa kosa la kudharau Bunge, katika gereza la Ashland, Kentucky. Alikaa miezi kumi.

Mungu si Athumani. Mwenyekiti Thomas naye alifungwa, tena kabla yao, kwa kuandika wafanyakazi hewa ofisini kwake na kula mishahara yao. Alipelekwa gereza la Danbury, Connecticut, na wafungwa wawili kati ya wale kumi, Ring Lardner Mdogo na Lester Cole, wakamkuta humo akitunza kuku.

Siku za kikao kile kundi la wasanii mashuhuri liliruka kwa ndege hadi Washington kuwatetea walioitwa. Miongoni mwao walikuwa mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart. Vitisho vilipozidi, Bogart akalazimika kutangaza hadharani kwamba safari ile ilikuwa kosa. Wawili hao ndio waliokuja Kongo na Uganda mwaka 1951 kupiga The African Queen, filamu ambayo wazee wengi wa Maziwa Makuu wanaikumbuka. Mtayarishaji wake, Sam Spiegel, wakati huo akitumia jina la S. P. Eagle, alikuwa na siri nyingine mkononi, nayo inahusu sauti ya Trumbo.

Sauti ilipita, jina likazuiwa

Mwishoni mwa mwaka 1947 wakuu wa studio walikutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, wakatangaza kwamba wale kumi hawataajiriwa tena hadi wajisafishe. Baadaye orodha ya waliozuiwa ikafikia mamia. Haikubandikwa ukutani popote, lakini kila ofisi iliijua. Lakini studio zilihitaji hadithi, na Trumbo alihitaji kulisha watoto.

Spiegel alimpa kazi ya kuandika The Prowler, filamu ya polisi mwovu anayemtamani mke wa mtangazaji wa redio. Mume huyo husikika usiku kucha kwenye redio ilhali mkewe yuko sebuleni na mgeni. Muswada ulitoka mwaka 1951 kwa jina la Hugo Butler, rafiki wa Trumbo. Lakini sikiliza redio ile ndani ya filamu. Sauti ya mtangazaji ni ya Trumbo mwenyewe. Alikuwa ametoka gerezani karibuni, amepigwa marufuku na kila studio, na sauti yake inazungumza kwenye kumbi za sinema Marekani nzima bila kutambuliwa. Butler naye baadaye aliingia orodhani, na familia hizo mbili zikahamia Mexico pamoja.

Gun Crazy ya mwaka 1950, ambayo wahakiki wengi leo wanaihesabu kati ya filamu bora za uhalifu za Marekani, ilibeba jina la Millard Kaufman. Hakuandika chochote humo. Aliombwa jina akalitoa, na miaka mingi baadaye akasimama na kusema wazi kuwa kazi ni ya Trumbo.

Kisa cha Ian McLellan Hunter ni kizito zaidi. Trumbo, akisubiri kifungo, aliandika hadithi ya binti mfalme anayetoroka kasri kwa siku moja Roma na kukutana na mwandishi wa habari. Hunter aliipeleka studio ya Paramount kama yake, akapokea malipo na kumkabidhi rafiki yake. Filamu hiyo, Roman Holiday, ikatoka 1953 na kumfanya Audrey Hepburn nyota. Ilipata Oscar tatu, mojawapo ya hadithi, na sanamu ikaandikwa jina la Hunter. Akawa na tuzo ya kazi ya mtu mwingine, asiweze kuikataa bila kumponza mwenyewe. Naye pia akaja kuzuiwa kufanya kazi Hollywood.

Ukiitazama tena Roman Holiday ukijua haya, inabadilika machoni. Binti mfalme anaficha yeye ni nani. Mwandishi wa habari anaficha kazi anayofanya. Wanapendana huku kila mmoja akimdanganya mwenzake, na utamu wote wa filamu uko katika furaha ya kutembea mjini bila kujulikana na uchungu wa kurudi kwenye jina lako. Aliyeandika hayo alikuwa anajua fika kilichokuwa kikimngoja.

Na hakuwa peke yake. Mwaka uliofuata ule wa Robert Rich, Oscar ya muswada ilikwenda kwa Pierre Boulle kwa The Bridge on the River Kwai. Boulle alikuwa mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, aliyeandika kitabu chenyewe kwa Kifaransa. Muswada wa Kiingereza uliandikwa na Carl Foreman na Michael Wilson, wote wawili wakiwa wamezuiwa. Mtayarishaji? Sam Spiegel tena.

Mexico alikokwenda na familia, maisha yalikuwa magumu kuliko alivyotazamia, na baada ya miaka michache alirudi California akiwa na deni. Lakini huko alihudhuria mapambano ya mafahali. Mara chache sana fahali anayepigana kwa ushujaa husamehewa, watazamaji wakipepea vitambaa vyeupe ili asiuawe. Hapo ndipo ilipotoka The Brave One, hadithi ya mvulana mnyonge na fahali wake Gitano. Ndugu wa King walimlipa kidogo lakini walimlipa kwa hakika, na waliendelea kumpa kazi wakati wakubwa walimkimbia.

Baada ya usiku ule wa 1957, Trumbo alitambua kuwa jina la bandia limempa silaha. Waandishi wa habari walipompigia simu kumuuliza kama ndiye Rich, hakukiri wala hakukana. Walipouliza kuhusu filamu nyingine asizoziandika, vilevile. Kila filamu nzuri ikaanza kushukiwa kuwa yake. Huo ulikuwa ujanja wa mtu aliyeelewa kwamba marufuku huishi kwa ukimya, na akaifanya izungumziwe kila siku. Januari 1959 taasisi ya Oscar ikafuta kanuni iliyowazuia waliokataa kujibu kamati, na siku chache baadaye akatangaza: Rich ni mimi.

Hodhi, kasuku, na mambo mengine madogo

Trumbo aliandikia bafuni. Mgongo ulimsumbua, na maji moto yalimpa nafuu, kwa hiyo aliketi ndani ya hodhi saa nyingi za usiku, ubao umelazwa kutoka ukingo hadi ukingo, juu yake karatasi na kisahani cha majivu, sigara ikiwa kwenye kishikio kirefu. Picha aliyopigwa na binti yake Mitzi katika hali hiyo ndiyo inayomtambulisha duniani, na ndiyo iliyofuatwa na mchongaji wa Grand Junction.

Kirk Douglas alimzawadia kasuku, na kasuku alikuwa akimkalia begani akiandika Spartacus.

Riwaya yenyewe ya Spartacus iliandikwa na Howard Fast, ambaye naye alifungwa mwaka 1950 kwa kosa lilelile la kudharau Bunge. Wachapishaji walipomkwepa akaichapisha kwa fedha zake mwaka 1951. Hivyo filamu kubwa ya watumwa walioasi Roma ilitokana na kitabu cha mfungwa mmoja na muswada wa mfungwa mwingine.

Katika Papillon ya mwaka 1973 anaonekana mwenyewe mwanzoni, kwa dakika chache, kama kamanda anayewaambia wafungwa waisahau Ufaransa. Wakati wa kazi hiyo aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, na mwanawe Christopher akamalizia muswada.

Akiwa na miaka 65 aliongoza filamu moja tu maishani, ya riwaya yake Johnny Got His Gun. Ilipata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes mwaka 1971, lakini watazamaji walikuwa wachache. Miaka 18 baadaye bendi ya Metallica ikatumia vipande vyake katika video ya wimbo One, na vijana waliokuwa hawajawahi kusikia jina la Trumbo wakaanza kukitafuta kitabu.

Nani alivunja marufuku?

Januari 1960 mwongozaji Otto Preminger alitangaza kupitia New York Times kwamba Exodus imeandikwa na Trumbo na jina lake litaonekana. Kirk Douglas, mtayarishaji wa Spartacus, ambayo Trumbo aliiandika kwa jina la Sam Jackson huku mtayarishaji Edward Lewis akijitokeza mbele kama mwandishi, naye akaamua kuliweka jina halisi. Spartacus ilitangulia kuoneshwa, Oktoba 1960, na Exodus ikafuata Desemba. Kuanzia hapo pande mbili zimebishana ni nani shujaa. Douglas alijipa sifa hiyo hadi uzeeni, na jamaa za wengine waliohusika wakampinga.

Maoni yangu ni kwamba Preminger alitangulia kusema, na kusema hadharani ndiko kulikokuwa na hatari. Lakini kabla ya wote wawili kulikuwa na wale waliotoa majina yao miaka kumi nyuma, ambao hakuna gazeti lililowataja. Bila Hunter, Butler na Kaufman, kufikia 1960 asingebaki mwandishi wa kurudisha.

Chama cha wanajeshi wastaafu cha American Legion kiliandamana nje ya majumba ya sinema kuzipinga filamu hizo. Februari 1961 Rais John Kennedy, akiwa na wiki chache tu Ikulu, akatoka jioni na kwenda kuitazama Spartacus katika ukumbi wa Warner jijini Washington. Hakutoa hotuba. Aliingia tu, akaketi, na waandamanaji wakakosa la kusema.

Waathirika tu

Mwaka 1970 chama cha waandishi kilimpa Trumbo tuzo yake ya juu, ya Laurel. Ukumbini walikuwapo waliofungwa na waliotaja wenzao mbele ya kamati ili wasifungwe. Aliwaambia kwamba ukiutazama wakati ule usitafute wabaya na mashujaa, kwa maana hawakuwapo. Walikuwapo waathirika tu. Wengi waliguswa. Rafiki yake wa miaka mingi na mmoja wa wale kumi, Albert Maltz, alikasirika kwelikweli. Aliona kwamba kuwaweka katika kapu moja aliyetaja wenzake na aliyekaa njaa kwa kukataa kutaja ni kufuta tofauti ambayo watu waliilipia kwa maisha yao. Wakaandikiana barua ndefu na kali.

Nimekaa na ugomvi huo muda mrefu. Naelewa alichotaka Trumbo, mzee aliyechoka na chuki, akisema na vijana ambao hawakuwapo. Lakini haki naiona kwa Maltz. Hunter alikuwa na nafasi ya kukataa kumwazima Trumbo jina, na hakukataa. Aliyetaja majina alikuwa na nafasi hiyohiyo ya kuchagua. Huruma inawatosha wote wawili, sifa haiwatoshi.

Trumbo alipewa sanamu ya The Brave One mwezi Mei 1975, ikiwa na jina lake, akiwa mgonjwa. Alifariki Los Angeles tarehe 10 Septemba 1976, akiwa na miaka 70, na mwili wake ukatolewa kwa ajili ya utafiti wa sayansi. Mwaka 1993 taasisi ya Oscar ilimkabidhi mjane wake, Cleo, sanamu ya Roman Holiday, miaka 40 baada ya filamu kutoka. Hata hapo kazi haikuisha. Hadithi ilikuwa imerudi kwake, lakini muswada bado ulikuwa na majina ya wengine. Watoto wa marafiki wawili, Christopher Trumbo na Tim Hunter, ndio waliolifikisha shauri hilo chamani, na Christopher alifariki kabla ya kusikia jibu. Desemba 2011 chama cha waandishi kikaamua kuwa Dalton Trumbo atajwe pia kama mwandishi wa muswada wa Roman Holiday.

Nakala za zamani za filamu hiyo bado zinazunguka, jina lake halimo. Ukikutana na moja, mwambie unayetazama naye ni nani aliyeiandika, na umtajie na Hunter.